Nilimsikia, Sikuandika

Fomu ilikuwa na mstari uliosema "Mahali alipopatikana". Kwenye mstari huo, katika fomu nyingi nilizojaza mwaka 1994, mkono wangu uliandika neno moja tu: Benaco. Aliyeiona Benaco ya wakati ule ataelewa mara moja ninachoungama. Ilikuwa kambi ya wakimbizi kando ya barabara iendayo Rusumo, wilayani Ngara, na katika siku chache za mwisho wa Aprili mwaka ule ilipokea watu wapatao robo milioni kutoka Rwanda. Ukiandika kwamba mtoto alipatikana Benaco, hujamwambia mama yake kitu chochote.

Mimi ni Mhangaza. Kihangaza na Kinyarwanda vinasikilizana, kwa hiyo vijana wa Ngara tuliokuwa tumemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani tukajikuta tunatafutwa kama lulu. Mashirika yalikuja na magari, redio za upepo, maturubai na matangi ya maji, ila hayakuja na masikio. Sisi ndio tukawa masikio yao. Wenzangu wengine walikwenda zahanati, wengine kwenye mgawo wa chakula. Mimi nilipangiwa kituo cha watoto waliopotezana na wazazi wao, kazi yangu ikiwa kuzungumza na mtoto, kujaza fomu na kumkabidhi kwa walezi. Shirika silitaji. Kosa ninalolisimulia lilifanywa na mkono wangu, na hata mkuu wa kituo hakuwahi kulijua.

Lazima niseme kidogo jinsi hali ilivyokuwa, si kwa kujitetea, bali kwa sababu kosa lenyewe lilizaliwa humo. Ng'ambo ya mto kulikuwa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na wakati huohuo vita kati ya jeshi la serikali na wapiganaji wa RPF vilikuwa vinaendelea. Mto Kagera ulikuwa unashusha maiti kuelekea Ziwa Viktoria. Waliovuka daraja la Rusumo kwa wingi ule hawakuwa wote wahanga. Polisi wetu waliwavua mapanga pale mpakani, yakawa lundo. Kambini watu walipangwa kwa wilaya ndogo walizotoka, komuni kama wenyewe walivyoziita, na mara nyingi viongozi walewale wa kule ndio walioshika orodha za mgawo wa chakula. Ulikuwa unampimia mtu mahindi na maharage huku ukijiuliza mikono inayokinga gunia ilifanya nini wiki tatu zilizopita. Swali hilo halikutusumbua sisi vijana tu. Mwishoni mwa 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliziacha kambi za Zaire na Tanzania kwa sababu hiyohiyo.

Mtoto hakuwa na swali hilo. Mtoto wa miaka 3 au 4 hakuua mtu. Kumpa uji, kumfunika blanketi, kumpandisha gari lenye bendera, huo ulikuwa msaada ambao jioni unakuacha ulale. Nimechukua miaka mingi kukiri kwamba tuliwataka watoto wale kwa sababu walitusafisha. Tulikuwa na njaa ya watoto. Na mwenye njaa haulizi sana.

Zamu yangu ilikuwa kuzunguka na pikapu asubuhi, mimi na dereva na dada mmoja mlezi, tukiwakusanya watoto tuliowaona peke yao. Agizo lilikuwa hivyo, "walio peke yao", na hakuna aliyetufafanulia peke yake maana yake nini katika kambi ambamo mama akienda kupanga foleni ya maji anakwenda tangu alfajiri na kurudi jua likiwa utosini.

Mvulana mmoja tulimkuta kwenye njia itokayo bwawani, pale ilipokuwa inapanda kuelekea mahema. Alikuwa amevaa sweta la mtu mzima, mikono imekunjwa mpaka ikawa kama vitumbua viwili kwenye viwiko. Amekaa juu ya dumu la njano lililolazwa ubavu, kifuniko chake kimefungwa kwa kamba ya mgomba kisipotee. Hakuwa analia. Nilichuchumaa nikamuuliza jina, akanitajia. Nikamuuliza mama yuko wapi. Akasema, kwa sauti ya mtoto aliyekariri alichoagizwa, kwamba mama amemwambia amngoje hapo na alinde dumu.

Nilimsikia. Naomba msomaji asinisaidie hapo kwa kusema labda sikuelewa lugha. Nilielewa kila neno. Hata bila maneno, dumu peke yake lilitosha kuniambia. Katika kambi ile dumu lilikuwa mali kuliko blanketi. Blanketi linakupa joto usiku mmoja, lakini bila dumu huna maji, na bila maji huna uji, na kuhara damu kulikuwa kumekwisha ingia kambini. Hakuna mtu anayelitupa dumu. Mama aliyeacha dumu chini ya makalio ya mwanawe anarudi, tena anarudi karibuni. Mtoto yeyote mkubwa wa kambini angeweza kunieleza hilo.

Nilimbeba. Alishikilia dumu kwa mikono miwili. Dereva akasema nyuma kumejaa, hakuna nafasi ya madumu. Nikamwachisha kidole kimoja kimoja, nikaliacha dumu pale njiani. Ndipo alipolia. Nilimwambia tunakwenda kula uji, mama atakuja. Kituoni nilijaza fomu: jina, jinsia, umri wa kukadiria, hali ya afya nzuri. Wazazi: hawajulikani. Mahali alipopatikana: Benaco. Maneno aliyoniambia hayakuwa na mstari wake kwenye fomu, nami sikuona haja ya kugeuza karatasi nikayaandika nyuma.

Kwa asiyejua kazi hii, nieleze kwa nini mstari ule wa mahali ulikuwa na uzito kuliko yote iliyoutangulia. Wanyarwanda hawana desturi ya jina la ukoo kama tunavyoijua wengi wetu. Kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, kwa hiyo ndugu wanne wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina manne yasiyokutana popote. Jina la mtoto halikupeleki kwa baba yake. Na majina kama Uwimana au Habimana wanayo maelfu ya watu. Hapo tena tulikuwepo sisi makarani, mmoja anaweka r, mwingine l, wa tatu anaisahau h. Mtoto mdogo hamjui mama yake kwa jina. Mama yake anaitwa Mama. Komuni haijui. Akijua sana atakutajia kilima cha kwao, na vilima vyenye jina moja ni vingi.

Lakini kambi ilikuwa imepangwa kwa komuni. Maana yake ni kwamba pale mtoto alipokaa palijua kila kitu ambacho yeye hakukijua. Kama ningeandika "njia ya bwawani, chini ya mahema ya komuni fulani", mtu yeyote angeweza kwenda hapo na kipaza sauti na kumpata mama yake kabla ya saa kumi jioni. Anwani ya mtoto wa umri ule ni mahali alipoketi. Ukimwondoa hapo bila kuandika, umeifuta, na huna pengine pa kuisoma.

Wala si jambo ambalo dunia ilikuwa bado kuligundua. Mkataba wa Geneva wa 1949, ule unaohusu kuwalinda raia vitani, katika kifungu chake cha 24 unazitaka pande za vita zijitahidi kuhakikisha watoto wote walio chini ya miaka 12 wanatambulika, kwa kuvaa kidani cha utambulisho au kwa njia nyingine. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema waziwazi katika kifungu cha 22 kwamba mtoto mkimbizi asaidiwe kutafutiwa wazazi wake. Watu walikwisha kaa, wakafikiri, wakaandika. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi na njia mbele ya macho.

Baada ya majuma kadhaa nilipita tena njia ile kwa miguu, na bibi mmoja aliyekuwa na kibanda cha nyasi na turubai hapo juu akaniita. "Wewe si yule kijana wa gari la watoto?" Nikamwitikia kwa adabu, nikadhani anataka kuomba kazi kwa mjukuu. Hakunikaribisha wala hakunikalisha. Aliniambia mama wa yule mtoto wa sweta alirudi siku ileile, amebeba kuni. Alilikuta dumu kwa bibi, kwa sababu bibi ndiye aliyeliokota lisiibwe. Mtoto hakumkuta. Watu wakamwambia amechukuliwa na gari jeupe. Kambini magari meupe yalikuwa mangapi? Alizunguka akiuliza, kwenye zahanati, kwenye hema za mgawo, kwenye makaburi pia. Kisha komuni yao ikahamishwa kwenda kambi mpya ya Lumasi, iliyofunguliwa kuipunguzia Benaco mzigo, naye akaondoka na wenzake kwa sababu kadi yake ya mgawo ilihamia huko.

Nilimuuliza bibi jina la yule mama. Alinitajia kama alivyoitwa na majirani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, ambaye hakuwa huyu niliyemchukua. Basi.

Mpaka hapo naweza kusema lilikuwa kosa la kijana asiye na mafunzo. Kilichofuata hakina kisingizio hicho. Lumasi haikuwa mbali. Magari yetu yalikwenda huko kila mara. Ningeweza kumwambia mkuu wa kituo asubuhi yake, tukampeleka mtoto na sweta lake, tukamtembeza komuni kwa komuni. Sikumwambia. Kumwambia kungemaanisha kueleza kwamba mtoto tuliyemwandika hana wazazi alikuwa amenieleza kwa kinywa chake kwamba mama yake amemwambia amngoje. Kungemaanisha fomu zangu nyingine nazo zifunguliwe, moja moja, na kila moja ingesema Benaco. Nilikuwa napata posho ambayo baba yangu hakuwahi kuiona katika mwezi wa mavuno. Nilinyamaza. Nilijiambia watakuja watu wa kutafuta ndugu, hiyo ndiyo kazi yao.

Na walikuja. Msalaba Mwekundu wa Kimataifa na UNICEF, pamoja na mashirika mengine, walifanya kazi kubwa katika nchi zote za Maziwa Makuu, maana watoto waliotengana na familia zao walioandikishwa baada ya 1994 walizidi 100,000. Walipiga picha za watoto ambao hawakuweza kujieleza, wakazibandika kwenye mbao ili wazazi wapite na kuangalia. Nimewaona akina mama wakipita mbele ya mbao hizo, kidole kikienda uso hadi uso. Lakini picha nayo ina muda wake. Mtoto wa miaka 3 aliyekonda njiani si yule aliyenenepa kwa uji wa lishe na kunyolewa nywele, na mtafutaji wa watu hufuata kilichoandikwa kwenye fomu. Fomu yangu ilimpeleka kila mahali.

Kuna jambo jingine tulilokosea kwa pamoja, nalo nalitaja kwa sababu limenifundisha kuliko semina zote nilizokalishwa baadaye. Kituo chetu kilikuwa na uji mara mbili, maziwa, sabuni, mlezi, na hema lisilovuja. Kibanda cha familia kilikuwa na mgawo unaoisha kabla ya siku yake. Haikuchukua muda akina mama wakaanza kuwaleta watoto wao wenyewe usiku na kuwaacha karibu na lango, wakiwa wamewafundisha kusema mama alikufa njiani. Walezi waliokuwa wamewachukua watoto wa ndugu au majirani waliouawa nao wakawaleta. Sisi tulikasirika, tukawaita waongo. Hatukujiuliza ni nani aliyeweka bei ya uji ikawa ni kumkana mama. Kila wiki idadi ya watoto wa kituo ilipanda, ikaandikwa kwenye ripoti, wafadhili wakafurahi kwamba watoto wengi zaidi wanasaidiwa. Mimi pia nilifurahi. Kumbe tulikuwa tunaihesabu kazi ya mikono yetu. Shangazi aliyekuwa anamlea mtoto wa dada yake kwa shida angepewa blanketi la ziada na mgawo wa ziada, mtoto angebaki na mtu anayemjua mpaka babu yake, na gharama ingekuwa ndogo. Mwaka 2004 mashirika makubwa, yakiwemo UNICEF, UNHCR na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, yalitoa miongozo ya pamoja kuhusu watoto wa namna hii, inayomtofautisha mtoto asiye na mtu kabisa na mtoto aliyetengana na wazazi lakini yuko na ndugu, na kusisitiza familia isivunjwe kwa jina la msaada. Nilipoisoma nilijua kila aya ilitoka kwenye kambi kama yetu.

Yule mvulana alikaa nasi. Aliacha kuuliza habari za dumu. Desemba 1996 serikali yetu ikatangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Wengi walijaribu kwanza kukimbilia ndani ya Tanzania, jeshi likawarudisha barabarani, kisha mto wa watu ukashuka Rusumo siku nenda rudi, mizigo kichwani, mvua juu. Watoto wa vituo walivushwa kwa malori na makaratasi yao. Nilimpandisha mwenyewe. Alikuwa mkubwa sasa, anajua kuandika jina lake, na mimi ndiye niliyemfundisha. Bahasha yake ilikuwa na fomu ileile. Hata siku hiyo ningeweza kuongeza mstari: mama yu hai, alihamia Lumasi, ana mtoto mkubwa aitwaye fulani. Kalamu ilikuwa mfukoni. Msimamizi alikuwa anapiga kelele malori yaondoke, nami nikamkabidhi bahasha kama ilivyo.

Nimeendelea na kazi hii. Mwaka 2015, Warundi walipokuwa wanakimbia machafuko ya kwao, nilikuwa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, kisicho na barabara ya gari, ambako makumi ya maelfu ya watu walilala ufukweni na kipindupindu kikawakuta hapo. Meli ya Liemba iliwabeba mpaka Kigoma, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu. Mitumbwi ya kuwafikisha melini ilikuwa ikijaa kwa vurugu, mama huku, mtoto kule. Nilikuwa nimepewa vijana wa kuwasimamia, na niligombana nao kutwa. Niliwakataza kumgusa mtoto yeyote aliyesimama peke yake kabla ya kuuliza watu watano walio karibu naye na kuandika walichosema, pamoja na alama ya mahali: mwembe gani, mtumbwi wa nani, nyuma ya duka lipi. Mmoja aliniambia, "Mzee, unatuchelewesha." Nikamjibu ndiyo. Sikumwambia kwa nini. Nilikuwa bado sijamwambia mtu.

Nimewahi kuwaeleza watu wawili baadaye, na wote walinipa jibu moja: ulikuwa mdogo, hali ilikuwa mbaya, ulikusudia mema. Yote matatu ni kweli, na hakuna hata moja linalomfaa yule mama. Sitaki kufarijiwa. Nataka ijulikane.

Kwa hiyo nasema na watu wa namna mbili. Wa kwanza ni yule ambaye leo ana umri wa miaka thelathini na kitu, aliyekulia Rwanda na karatasi inayosema alipatikana Benaco na kwamba wazazi wake hawajulikani. Kama una kumbukumbu ya dumu la njano na sweta la mtu mzima, hukutupwa. Uliambiwa ungoje, ukangoja, na mama yako alirudi na kuni kichwani siku hiyohiyo. Baadaye alihamia Lumasi. Anza kuuliza hapo.

Wa pili ni wenzangu wa Ngara, Karagwe, Kibondo na Kasulu: makarani, wakalimani, madereva, walezi, wauguzi wa kambi. Wengi wetu tuliondoka na daftari za kazi, orodha, picha, ramani za mahema zilizochorwa kwa mkono. Ziko kwenye masanduku, panya wanazila. Msizichome wala msiwafungie watoto karanga kwa karatasi zake. Zipelekeni kwenye ofisi ya Msalaba Mwekundu iliyo karibu nanyi. Maombi ya kutafuta ndugu bado wanayapokea, na hawatozi hata senti.